Dereva wa ambulensi aliyejitolea vitani: mkongwe wa vita au raia tu?

Mleta mada: Wakuu, tujadili hili. Mwaka 1990 serikali ya Marekani iliwatambua kuwa wakongwe wa vita madereva wa ambulensi wa American Field Service (AFS), raia waliojitolea kubeba majeruhi katika Vita vya Pili vya Dunia. Walipitia sheria ya 1977 ya kuwapa raia waliotumikia vitani hadhi ya mkongwe, ile iliyowatambua kwanza marubani wanawake, WASP. Ila sharti likawekwa: uwe ulitumikia ng'ambo chini ya majeshi ya Marekani, kati ya 7 Desemba 1941 na 8 Mei 1945. Sharti hilo mimi silikubali. Wengi wa AFS walikuwa na Waingereza, kuanzia jangwa la Libya na El Alamein kule Misri hadi Burma. Bir Hakeim, huko huko Libya, mwaka 1942, jenerali wa Ujerumani Rommel aliwazingira pamoja na Wafaransa Huru, wale waliokataa kusalimu amri kwa Ujerumani. Halafu 8 Mei ni siku Ujerumani iliposalimu amri. Burma risasi zilikuwa bado zinalia!

Mpinzani: Mkuu, mimi hata hao wa 1990 nisingewapa. Askari akitoroka anapelekwa mahakama ya kijeshi. Hawa walisaini mkataba wa muda, ukiisha mtu anarudi kwao. Na hadhi hii si cheti cha kutundika ukutani, ni matibabu na mazishi kwa kodi ya wananchi. Kesho waandishi wa habari nao watapanga foleni.

Mchangiaji mwingine: Foleni ya nini? Wengi wa hao madereva jeshi liliwakataa, huyu kwa macho mabovu, yule kwa umri. Wengine imani iliwakataza kushika silaha. Wangeweza kukaa nyumbani na asingewauliza mtu. Fikiria usiku, taa zimezimwa ili usilengwe, nyuma machela nne, kila shimo mtu anapiga kelele. Unatamani kukanyaga mafuta, na huwezi. Kuna waliofia kazi hiyo.

Kwetu pia deni hili lipo. Pale Nairobi kuna sanamu inayowataja wapagazi wa Carrier Corps, Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kuwa miguu na mikono ya jeshi. Sifa kwenye jiwe walipewa. Mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa familia zao.

Mpinzani: Wapagazi usiwachanganye humu. Wengi walikamatwa kwa nguvu vijijini. Yao ni kesi ya fidia na mshahara, haina uhusiano na kujitolea.

Mleta mada: Hapo nakuunga mkono. Basi turudi kwa madereva. Sheria yenyewe ya 1977 inauliza kama kundi lilikuwa chini ya amri na nidhamu ya jeshi. Sawa, kipimo kizuri. Dereva wa Burma alikwenda alikoelekezwa na jeshi, akalala walikolala askari. Kama amri ndiyo kipimo, bendera ya aliyeitoa inaingiaje, wakati wote walikuwa upande mmoja? Anayeweza kunijibu hilo bila kunirudisha kwenye kodi ya wananchi, karibu.