Uhamisho: Kigoma au Tanga? Saa moja, jua mbalimbali

Mwl_Mhamaji: Wakuu, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimeambiwa nichague kati ya Kigoma mjini na Tanga mjini. Mke wangu anafanya biashara ndogondogo, watoto wawili wako msingi. Mshahara ni uleule, kwa hiyo tuache habari za pesa. Nataka kujua siku inavyokwenda: mji unaamka saa ngapi, jioni ikoje, watu wakoje.

Reli_ya_Kati: Anza na jua, mkuu. Miji yote miwili iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, lakini Tanga iko nyuzi 39 mashariki na Kigoma haifiki 30. Kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua la Kigoma linachelewa lile la Tanga kwa dakika 38 hivi, na saa ya ukutani ni ileile. Huku jua la utosini ni la saa saba, si la saa sita. Mwezi wa sita linachomoza saa moja imeshapita, na mtoto anayetakiwa shuleni saa moja anatoka nyumbani gizani. Nunua tochi kabisa. Ila jioni utafurahi: Februari, saa moja na robo usiku vijana bado wanacheza mpira na wanauona.

Mja_Leo: Njoo Tanga bwana. Saa kumi na mbili na nusu hivi jua limeshatoka, mwezi wowote, na mtaani Ngamiani vitumbua viko jikoni tangu alfajiri. Giza linaingia mapema, sawa, lakini baraza ndipo zinaanza. Wanasema waja leo waondoka leo. Mimi nilikuja kikazi tu, nimeoa hapahapa. Joto lipo, silifichi. Saa nne shati limeshaloa.

mama_Kibirizi: Mwalimu, mpe simu mkeo asome mwenyewe. Dada, dagaa wa huku wanafuata mwezi. Kukiwa na giza wavuvi wanaingia ziwani jioni na taa zao, asubuhi ufuko mzima wa Kibirizi ni dagaa mchangani. Mbalamwezi ikikolea wanapumzika, dagaa wanaadimika, bei inapanda. Mwenye akili ananunua gizani, anauza kwenye mwanga. Na mawese yapo. Halafu jua kwamba Burundi na Kongo ya mashariki wako nyuma yetu kwa saa nzima. Mteja wa Bujumbura akikwambia tuonane saa tatu, muulize saa tatu ya nani. Mimi nimeshakaa bandarini na mzigo nikisubiri mtu ambaye kwake bado ni saa mbili, tena anakunywa chai.

Mtoto_wa_Ujiji: Ramadhani ndiyo utachoka kucheka. Redio ya Dar inaadhini Magharibi, jua letu bado liko juu ya milima ya Kongo. Kila mwaka kuna mgeni wa pwani anayenyoosha mkono kwenye tende, mzee anamzuia: "Hiyo futari ya Dar, kijana." Usiogope, daku nayo tunakula kwa kuchelewa. Kwa mengine mtu wa pwani hapotei Ujiji: kahawa, baraza, misikiti, na Kiswahili cha Wamanyema ni cha siku nyingi.

Mja_Leo: Mkifiwa Dar je? Tanga unapanda basi asubuhi, mchana uko msibani.

Reli_ya_Kati: Hapo sibishi. Kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Lakini ziwa liko mita 770 hivi juu ya bahari, usiku unavuta shuka. Huko kwenu mnalala na feni.

Mwl_Mhamaji: Mke ameshaanza kuulizia bei ya gunia la dagaa, kwa hiyo naona Tanga imeondoka. Mimi bado nawaza watoto na hilo giza la asubuhi. Nipange mtaa wa Mwanga au Ujiji?

mama_Kibirizi: Tafuta shule kwanza, ndipo utafute nyumba, iwe karibu ya kusikia kengele. Ikiwa Mwanga, ndiyo bora: soko liko hapohapo. Mkeo aje na mizani yake.