Mjadala: Kristo alimlipa nani? Mfano wa kununua watumwa katika somo la ukombozi hapa Bagamoyo

Mwalimu wa Nianjema (anaanzisha)

Tumsifu Yesu Kristo. Wanafunzi wa Kipaimara (wanaoandaliwa kuthibitisha imani yao) wakipelekwa Misheni ya kale na kuonyeshwa minyororo ya watumwa, somo la ukombozi hufundishwa palepale: mapadre wa shirika la Roho Mtakatifu walihamia hapa kutoka Zanzibar mwaka 1868, wakawanunua watumwa na kuwatoa utumwani, vivyo hivyo Kristo alitununua kutoka kwa Shetani. Mtoto anaelewa kwa dakika mbili. Nasema anaelewa vibaya, na kosa hilo anazeeka nalo.

Mfano huu una sehemu nne: aliyefungwa, mnunuzi, bei na muuzaji. Tatu za kwanza zimo katika Maandiko. Aliyefungwa ni sisi, kwa kuwa "kila atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi" (Yohana 8:34). Bei ipo: Mwana wa Adamu alikuja "kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi" (Marko 10:45). Mnunuzi yupo: "mlinunuliwa kwa thamani" (1 Wakorintho 6:20). Ila muuzaji hayumo. Pekueni Agano Jipya lote, hamtakuta aya inayosema Shetani alipokea malipo. Tukimwingiza sisi wenyewe, tumempa haki ya mwenye mali, na mtoto anabaki na picha ya Mungu na Ibilisi wakipatana bei. Kisha tunashangaa akikua anamwogopa Shetani kuliko anavyomtumaini Mungu.

Naomba hoja. Tuuache mfano huu au tuurekebishe?

Mkatekista wa Dunda

Milele amina, mwalimu. Usiuache. Mbiu ya Pasaka, inayoimbwa katika Kesha la Ufufuko, inamwambia Mungu waziwazi kwamba alimtoa Mwana ili amkomboe mtumwa. Kanisa halikuona haya kuliimba hilo, sisi tuone haya ya nini?

Angalia na neno lenyewe. Mvuvi aliyeweka rehani injini ya boti hairudishi kwa kuomba radhi, anakwenda kuikomboa. Ukiondoa bei, dhambi inageuka kuwa tabia mbaya ya kurekebishwa kwa bidii. Mtu anaapa Jumatatu kuacha pombe, Ijumaa amerudi kilabuni, na anaona aibu hata kusali kwa sababu alidhani nguvu zake zingetosha. Mfano wa mtumwa unamfundisha kwamba aliyefungwa hajifungui. Na hilo la Shetani kulipwa halikubuniwa na makatekista wa Bagamoyo. Origene wa Aleksandria, mwalimu wa Kanisa la kale, alilifundisha katika karne ya 3.

Mlutheri wa Magomeni

Bwana Yesu asifiwe. Ni kweli Origene alisema hivyo, lakini askofu Gregori wa Nazianzo alimpinga karne moja baadaye: mwizi hastahili kulipwa, sembuse kulipwa nafsi ya Mwana wa Mungu. Mwaka 1098 Anselmo, askofu mkuu wa Canterbury, akaja na jibu jingine, kwamba deni ni la heshima ya Mungu wala Shetani hadai kitu. Kanuni ya Imani ya mwaka 381, tunayoikiri Walutheri na Wakatoliki, inasema alishuka kwa ajili yetu sisi wanadamu na kwa ajili ya wokovu wetu, basi. Haitaji mpokeaji.

Kosa, kwa maoni yangu, liko kwenye mpangilio wa somo. Tunaanza na Marko 10:45, na mtoto anauliza "alilipwa nani?" kabla hajajua neno "komboa" lilitumikaje kabla ya Marko. Anzeni na Mambo ya Walawi 25:47-55. Mwisraeli amefilisika, amejiuza kwa mgeni. Anayeruhusiwa kumkomboa ni ndugu yake, au ndugu wa baba yake, au jamaa wa karibu, na bei inahesabiwa kwa miaka iliyobaki hadi yubile, mwaka wa 50 ambao watumwa wa namna hiyo waliachwa huru. Mkazieni mtoto hapo: mkombozi si mfanyabiashara aliyepita njia, ni ndugu mwenye wajibu wa damu. Ndiyo sababu ilimpasa Mwana afanyike mtu, apate udugu nasi.

Halafu nendeni Kutoka 6:6: "nitawakomboa kwa mkono ulionyoshwa." Farao alilipwa shilingi ngapi? Hakupata hata senti, alipoteza jeshi. Kisha Isaya 52:3: "Mliuzwa bure, nanyi mtakombolewa bila fedha." Mwanafunzi aliyepita hapo akifika Marko anajua kwamba katika Biblia kuna kukomboa kwa gharama kubwa kusiko na muuzaji anayelipwa. Gharama ipo, duka halipo.

Na historia ya hapa tuisome yote. Walionunuliwa waliwekwa katika kijiji cha misheni, wakaozeshwa, wakapewa viwanja, wakaishi chini ya kanuni za mapadre. Wapo waliotoroka. Mtoto mwerevu atauliza kama wale walikuwa huru au walibadilishiwa bwana, na mkatekista asiyejiandaa atakwama. Paulo analigusa suala hilohilo: "Mlinunuliwa kwa thamani, msiwe watumwa wa wanadamu" (1 Wakorintho 7:23).

Bin Kaole

Assalaam alaykum. Naingia kwa adabu, dini si yangu, ila maneno haya tunayatumia sote: fidia, kafara, kukomboa. Qur'ani 9:60 inataja kuwakomboa watumwa kuwa mojawapo ya mafungu manane ya zaka. Kafara ya kuvunja kiapo, 5:89, ni kulisha maskini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku 3. Mola hapokei tonge hata moja, anayekula ni maskini. Kwa hiyo namwelewa Mlutheri anaposema gharama inaweza kutoka bila muuzaji kupata chochote. Hata mwana wa Ibrahimu alikombolewa kwa dhabihu, 37:107, na hakuna aliyeuza.

Ninapokwama ni hapa. Qur'ani 6:164 inasema mbebaji habebi mzigo wa mwingine, nanyi mnayo Ezekieli 18:20, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Asiye na hatia akiadhibiwa badala ya mwenye hatia, hiyo ni haki ya namna gani?

Mkatekista wa Dunda

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Zaburi 49:7 inakubaliana nawe: hakuna mtu awezaye kumkomboa ndugu yake, wala kumpa Mungu fidia kwa ajili yake. Lakini aya ya 15 inaendelea kusema Mungu mwenyewe ataikomboa nafsi yangu. Tukifundisha kwamba Mungu alikasirika, akamkamata mtu wa tatu asiyehusika akampiga, tumefundisha dhuluma, na walimu wengi huteleza hapo. Imani yetu ni kwamba aliyebeba ni yuleyule aliyekosewa. Ukinisamehe deni la laki 5, zile laki 5 hazikuyeyuka hewani. Umezibeba wewe, na hakuna hakimu atakayesema umedhulumiwa, kwa kuwa umezibeba kwa hiari yako.

Najua hatuafikiani Yesu ni nani, na hapo ndipo penye mzizi wa swali lako. Kwa mwalimu nakiri: ile sentensi ya "kutoka kwa Shetani" nitaiacha. Mfano wenyewe siuachi.

Dada wa Majengo

Mnasema bei, bei. Kuna jambo linaloharibika baada ya hapo na hamjaligusa. Mtu anaongozwa sala ya toba, anaambiwa "umeshakombolewa", wiki haijaisha tamaa ileile imerudi, anaamua sala haikufanya kazi. Tunamfundisha Wakolosai 1:14, "tuna ukombozi, yaani, msamaha wa dhambi", tunasahau Warumi 8:23, ambako Paulo bado anautazamia "ukombozi wa mwili wetu". Msamaha ameupata leo, mwili bado unangoja. Aambiwe yote mawili siku ileile, tena kabla hajaondoka kanisani.

Mwalimu wa Nianjema

Dada, umenipa kiungo nilichokikosa, na kinapatikana hapahapa pwani. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873. Kabla ya hapo wapo waliowalaumu wamisionari kwamba kila mtumwa wanayemnunua anamwachia mfanyabiashara mtaji wa kuleta mwingine. Mtoto aambiwe hivyo akiwa amesimama mbele ya minyororo: hapa muuzaji alilipwa kweli, na biashara iliendelea. Ndipo asomewe Waebrania 2:14-15, kwamba Kristo kwa njia ya mauti alikuja "amharibu" mwenye nguvu za mauti, "awaache huru" waliokuwa utumwani kwa hofu. Huko ni kulifunga soko. Na kama asemavyo dada, soko lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe huku bara haukufutwa kisheria hadi 1922. Kwa miaka 49 watu waliishi kati ya tarehe hizo mbili. Aliyesamehewa na bado anapambana ataelewa.

Napendekeza ratiba hii: Walawi 25 na Kutoka 6 darasani wiki moja kabla ya safari, minyororo na Waebrania 2 siku ya safari, Marko 10:45 na Warumi 8 wiki inayofuata. Vipindi 3, kila kimoja saa moja.

Mkatekista wa Dunda

Ratiba naikubali. Ila mwalimu, aliyekuwa amefungwa sokoni mwaka 1870 hakuweza kuungoja mkataba wa 1873. Alihitaji mtu amfikie siku ileile na kitu mkononi. Mwanafunzi akisikia habari za kufunga soko tu, atadhani Kristo aliushinda utumwa kwa jumla, yeye kwa jina lake akasahaulika. Wagalatia 2:20 inasema "alinipenda, akajitoa nafsi yake kwa ajili yangu", mimi mmoja. Aya hiyo isomwe kwenye kipindi kipi? Mimi naona ni palepale mbele ya minyororo, kabla ya Waebrania.