Mgahawa wa Kikuba: ropa vieja, vaca frita au sandwichi?

Tumbo Joto:
Wakuu, habari za saa hizi. Jumamosi tunaenda watu wanne kula kwenye mgahawa wa Kikuba hapa mjini, ule wa kawaida tu, unaagiza kaunta unaenda kukaa. Hakuna kati yetu aliyewahi kula chakula cha Kuba. Nimepitia menyu nimebaki na vitatu: ropa vieja, vaca frita na sandwichi ya Kikuba. Tuanze na kipi? Mmoja wetu ni Mwislamu, mwingine bila pilipili hajala. Naomba ulinganisho, msiniambie "vyote vitamu".

Mla Vyote:
Ropa vieja, mkuu, usizunguke. Nyama ya ng'ombe inachemshwa taratibu mpaka inachambuka nyuzinyuzi, halafu inarudi kwenye rojo la nyanya, vitunguu, pilipili hoho na bizari nyembamba. Wengine wanatupia na zeituni. Lile rojo likishuka kwenye wali mweupe utasahau mmekuja wangapi.

Kikaango:
Napinga. Vaca frita ni nyama hiyohiyo, imechemshwa na kuchambuliwa vilevile, ila badala ya rojo inapigwa kitunguu saumu na ndimu, inabanwa kwenye kikaango cha moto mpaka ncha za nyuzi zinakuwa kahawia na kukauka. Katikati bado laini. Juu inamwagiwa vitunguu vya kukaanga. Ropa vieja ukila kijiko cha kwanza umeshaijua yote, hii kila tonge lina lake.

Kasoro yake ni kwamba haisubiri mtu. Mkianza kupiga picha inapoa na kuwa ngumu kama kamba. Kwa hiyo: mnakula palepale, vaca frita. Mnabeba nyumbani, hapo nakubali ropa vieja, maana hiyo hata ikilala haipungui utamu.

Bint Mwinyi:
Kabla hamjagombania nyuzi, yule Mwislamu mmemsahau. Sandwichi aiache kabisa, ina kitimoto aina mbili. Ila tatizo kubwa ni vile visivyoonekana. Maharage meusi mara nyingi yanapikwa na vipande vya nguruwe ili kukolea. Mkate wa Kikuba kwa asili yake unakandwa kwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo hata pan con bistec, ambayo ni steki ya ng'ombe ndani ya mkate, haiwi salama kwa sababu tu jina ni la ng'ombe. Akiuliza "kuna nguruwe?" mhudumu atafikiria nyama na kujibu hapana. Aulize mafuta: ya maharage, ya mkate, na ya kukaangia ndizi. Na ng'ombe mwenyewe kama hakuchinjwa kihalali bado hajamsaidia. Mimi ningemwambia aagize kamba kwenye rojo la nyanya, kwenye menyu huandikwa enchilado de camarones. Jina lisimtishe, si kali.

Tumbo Joto:
Dada, ubarikiwe, hilo la mkate nisingeliwaza. Na huyu wa pilipili je?

Mla Vyote:
Huyo atalia. Chakula cha Kuba kina kitunguu saumu, uchachu na bizari, ukali hakuna. Aombe chupa ya pilipili pembeni, na asidhani mojo ndiyo pilipili yenyewe. Mojo ni kitunguu saumu, mafuta na maji ya madanzi. Muhogo wa kuchemsha ukiogeshwa mojo ya moto, mimi hata nyama naweza kuiacha.

Mzee wa Mkate:
Naona sandwichi imetupwa kapuni haraka. Kwa wanaokula nguruwe ndiyo kipimo cha jiko. Nguruwe wa kuchoma, ham, jibini ya Uswisi, matango ya siki na haradali, halafu mkate unabanwa kwenye chuma cha moto mpaka unabaki mwembamba na jibini imeyeyuka. Tampa, mji wa Florida kule Marekani, wanaongeza salami, yaani soseji kavu ya kukatwa vipande vyembamba, jambo linalohusishwa na Waitaliano walioishi na Wakuba kwenye mtaa wa Ybor City mjini humo enzi za viwanda vya sigara. Miami, mji mwingine wa Florida, hawataki hata kuisikia. Mimi niko upande wa Miami, salami inameza ladha ya nguruwe. Ukiuma mkate ukakuta ni wa burger uliopashwa tu, agiza kahawa uondoke.

Kikaango:
Umesahau medianoche, mzee. Vitu vya ndani vilevile, ila mkate ni laini, wa mayai, una utamu kidogo. Kwa mwenye njaa ndogo.

Kuhusu vya pembeni: ropa vieja ina rojo, ipeleke na tostones, ndizi mbichi zinazokaangwa, zinapondwa bapa, zinakaangwa tena. Zinazoa rojo vizuri. Vaca frita ni kavu na chachu, hiyo inataka maduros, ndizi mbivu za kukaanga. Ukikuta moros, yaani wali uliopikwa pamoja na maharage meusi, usiuweke na ropa vieja, rojo litapoteana humo.

Bint Mwinyi:
Kwa hiyo watu wanne: ropa vieja moja, vaca frita moja, kamba, sandwichi, mnachangia isipokuwa mmoja wenu. Mwishoni agizeni colada. Ni kahawa kali yenye povu la sukari, inaletwa kwenye kikombe kimoja na vikombe vidogo vya kugawana. Asiinywe mtu mmoja yote, labda kama ana zamu ya usiku.