Mjadala: Mtunzi wa muziki wa filamu na tamthilia auze kazi yake kwa mkupuo, au abaki na mrabaha?

MTOA MADA

Naomba tujadili jambo moja tu. Mtu anayetunga muziki wa filamu au wa tamthilia hapa Dar es Salaam, anapoikabidhi kazi yake kwa mtayarishaji, je, apokee malipo ya mkupuo na kwenda zake, au abaki na haki ya kulipwa mrabaha kila kazi ile inaporushwa hewani? Desturi ninayoiona katika studio za Sinza, Kinondoni na Tabata ni ile ya kwanza, tena mara nyingi bila mkataba wa maandishi: bei inakubaliwa kwa simu, nusu inatangulizwa, faili zinatumwa, na nusu ya pili inafuata ikipenda. Msimamo wangu ni kwamba desturi hiyo haifai, na kwamba mrabaha wa matangazo unapaswa kuwekwa na sheria mahali ambapo hata mtunzi mwenyewe, akiwa na dhiki ya namna gani, hawezi kuuuza.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanaijadili bila kuijua. Mtunzi wa muziki wa filamu hatengenezi biti ya kumsubiri mwimbaji. Anaitwa picha ikiwa imeshafungwa na mhariri, yaani haikatwi wala kubadilishwa tena, anakaa na mwongozaji, wanaipitia filamu tangu mwanzo hadi mwisho na kukubaliana muziki uingie wapi, utoke wapi, na ni wapi ukimya unatosha. Baada ya hapo anatunga kwa kufuata sekunde, akiwa na tahadhari kwamba filimbi au zeze lisigombane na sauti ya mwigizaji anayenong'ona, maana mazungumzo yakishindwa kusikika mtazamaji hatamlaumu fundi wa sauti, atazima televisheni. Aghalabu mhariri huwa ameshaweka muziki wa kigeni wa muda ili kushikilia nafasi, mwongozaji ameuzoea hadi ameupenda, na mtunzi anaambiwa atunge unaofanana na ule lakini usiwe ule. (Anayedhani hilo ni jambo dogo ajaribu mara moja.)

Kwenye tamthilia hali ni tofauti kidogo, na hapo ndipo hoja yangu inapokaa. Muda hautoshi kutungia kila sehemu muziki wake, kwa hiyo mtunzi hutengeneza akiba ya vipande: cha huzuni, cha hofu, cha siri kufichuka, cha ugomvi wa mawifi. Akiba hiyo mhariri ataitumia msimu mzima, kisha msimu wa pili na wa tatu, kisha katika marudio ya mchana. Mtunzi aliyelipwa mara moja amelipwa kwa kazi ya wiki chache. Kituo kinaendelea kuivuna kwa miaka.

Wala muziki huo si pambo. Mwongozaji Alfred Hitchcock alipotengeneza filamu ya kutisha ya Psycho, iliyotoka mwaka 1960, alikusudia tukio la mauaji bafuni liwe bila muziki. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, alilitungia muziki wa ala za nyuzi peke yake, na mwongozaji alipousikia akabadili mawazo. Leo tukio hilo linakumbukwa kwa masikio kama linavyokumbukwa kwa macho.

Kuhusu kuuza kwa mkupuo, mfano wa karibu ni wa Solomon Linda wa Afrika Kusini. Hakuwa mtunzi wa filamu, lakini wimbo wake "Mbube", aliourekodi Johannesburg mwaka 1939, ulivuka bahari, ukageuzwa kwa Kiingereza, na mwaka 1994 mahadhi yake yakasikika katika The Lion King, filamu ya kampuni ya Disney. Haki zake alikuwa ameziuza kwa shilingi kumi. Alifariki mwaka 1962 akiwa maskini.

MTAYARISHAJI WA TAMTHILIA, KINONDONI

Kaka mtoa mada, nimekusoma kwa makini na ninaheshimu kazi yenu, lakini umeandika kana kwamba mtayarishaji ndiye anayekula peke yake. Mimi ninakopa ili kulipia kamera, nyumba ya kurekodia, usafiri, chakula cha watu zaidi ya thelathini na waigizaji wasiokubali kusubiri, kisha ninapeleka kazi kituoni, ambako bei ya kila sehemu hupangwa na mnunuzi. Mkataba wa kituo unanitaka nithibitishe kwa sahihi kwamba haki zote ziko mikononi mwangu na kwamba hakuna mtu wa tatu atakayejitokeza kudai. Mtunzi akibaki na kipande cha haki, mwanasheria wa kituo atairudisha kazi nzima, na msimu wangu utalala kwenye diski.

Pili, kwa nini mtunzi peke yake? Mhariri anakesha siku ngapi? Mbunifu wa mavazi je, aliyezunguka Kariakoo kutafuta kitambaa cha harusi ambacho nchi nzima imekiiga? Hao wanalipwa mara moja na hawajafungua mjadala. Tasnia hii ikiharibikiwa, hasara ni yangu; sijawahi kumwona mtunzi akirudisha malipo kwa sababu tamthilia imekosa mnunuzi. Aliyekwepa hasara anadai faida kwa msingi gani?

MTUNZI KIJANA, TABATA

Mimi ni miongoni mwa hao mnaowazungumzia, na ninasema wazi kwamba ninaupendelea mkupuo. Kodi ya chumba inadaiwa kwa tarehe, haidaiwi kwa mgawo. Mrabaha ninaoahidiwa ni fedha ambayo sijui itakusanywa na nani, kwa takwimu zipi, na itanifikia lini. Kaka mkubwa anataka sheria inizuie kuuza kilicho changu kwa ajili ya kunilinda, lakini mtu mzima aliyezuiwa kuuza mali yake amenyang'anywa nusu ya umiliki wake.

Kuna jambo jingine ambalo hamkuligusa. Mshindani wangu wa leo ni maktaba za muziki za kwenye intaneti, ambako kwa ada ndogo ya mwezi mhariri anapakua vipande atakavyo, na sasa kuna programu za akili bandia zinazotoa "muziki wa huzuni wa dakika mbili" kabla maji ya chai hayajachemka. Mkinifanya niwe mgumu kuajiriwa kisheria, mtayarishaji atahama. Nitabaki na haki isiyouzika na kinanda kisicho na kazi.

MWALIMU WA MUZIKI

Nitasema machache. Mtoa mada ameuleta mfano wa Solomon Linda lakini ameukatiza mahali penye funzo kubwa zaidi. Mwaka 2004 warithi wake walifungua shauri Afrika Kusini dhidi ya kampuni ya Disney, na mwaka 2006 wakafikia makubaliano ya kulipwa. Waliwezaje, ilhali haki zilishauzwa? Madai yao yaliegemea Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia katika makoloni, ambayo ilisema kwamba hata mtunzi akiuza haki zake zote, miaka 25 baada ya kifo chake zinarudi kwa warithi, awe aliandika nini katika mkataba. Yaani kilichowaokoa watoto wake ni sehemu ya haki ambayo baba yao hakuruhusiwa kuiuza. Kijana wetu wa Tabata aitafakari hiyo kabla hajasema kwamba zuio ni unyang'anyi.

Pia Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki ambayo Tanzania ni mwanachama wake, unampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi hata baada ya kuhamisha haki za kiuchumi. Majina ya mwisho wa tamthilia zetu hupita kwa kasi ambayo jicho la kipanga haliwezi kuyasoma, na kwa kuwa kijana anayeanza hupewa kazi ya pili na mtu aliyeona jina lake kwenye kazi ya kwanza, hilo nalo ni suala la riziki.

MTOA MADA

Ninashukuru kwa michango. Nijibu kwa kuanza na Dada mtayarishaji, kwa sababu hofu yake inatokana na kuchanganywa kwa vitu viwili ambavyo nchi nyingine zimevitenganisha siku nyingi. Sidai kwamba mtunzi amiliki tamthilia, wala kwamba aweze kuizuia isirushwe. Rekodi iwe yako, ruhusa ya kuitumia ndani ya kazi yako iwe ya kudumu, na ukiuza kwa kituo, uuze ukiwa na mikono safi. Kinachobaki kwa mtunzi ni mgawo wake wa mrabaha wa matangazo, na mrabaha huo hautoki mfukoni mwako. Unalipwa na kituo kwa chombo kinachokusanya mirabaha, kama kinavyopaswa kulipa kwa nyimbo zinazopigwa kwenye vipindi vya asubuhi.

Huko Hollywood, ambako mtunzi wa filamu kwa kawaida huandika kama mtu aliyeajiriwa na umiliki wote huenda kwa studio, mgawo huo wa mtunzi umebaki kwake kwa desturi, na hukusanywa na vyama kama ASCAP, kilichoanzishwa mwaka 1914, na BMI cha mwaka 1939. Tena ni mrabaha wa televisheni hasa, kwani kumbi za sinema za Marekani hazilipi mrabaha wa muziki ulio ndani ya filamu, tangu mahakama ilipoizuia ASCAP kuzitoza mwaka 1948. Studio za huko hazijafa kwa hilo.

Lakini desturi bila sheria ni dhaifu. Desemba 2019 kampuni ya televisheni ya Discovery iliwataka watunzi wa vipindi vyake waachilie mrabaha wa matangazo ya Marekani na kupokea malipo ya mkupuo, na ilirudi nyuma tu baada ya watunzi wenye majina makubwa kupiga kelele. Mdogo wangu wa Tabata, huo uhuru wa kuuza unaoutetea ndio huo: mwenye nguvu anakuomba uutumie, na usipoutumia anamwita mwenzako wa mtaa wa pili. Haki ambayo kila mtu anaweza kuiachilia, katika soko letu, itaachiliwa na kila mtu kuanzia mkataba wa kwanza.

Ndiyo maana ninaiangalia India, ambayo kwa wingi wa filamu na udogo wa malipo ya mafundi inatufaa kuliko Marekani. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba muziki uliotungwa kwa malipo ya mtayarishaji wa filamu ni mali ya mtayarishaji tangu siku ya kwanza, isipokuwa kama mkataba unasema vinginevyo. Ilichukua miaka 35 kurekebisha athari zake. Sheria ya mwaka 2012 ilitamka kwamba mwandishi wa mashairi na mtunzi wa muziki uliomo kwenye filamu hawezi kuhamisha wala kuachilia haki ya kugawana mrabaha sawa kwa sawa na yule aliyeuziwa haki za kazi hiyo, pale kazi inapotumiwa mahali pengine pasipo ukumbi wa sinema. Ukumbi waliuacha kwa mtayarishaji, na huo ni mgawanyo wa busara ambao ninaukubali hapa. Itasemwa kwamba faida ya India imo katika nyimbo zinazouzika nje ya filamu, nasi tuna vipande vya nyuma ya mazungumzo. Ni kweli kwa kiasi, ila tamthilia zetu nazo zina wimbo wa ufunguzi ambao watoto wanauimba njiani.

Kuhusu mhariri na mbunifu wa mavazi, sina ugomvi nao wakidai. Tofauti ni kwamba muziki ni kazi inayojitegemea mbele ya sheria ya hakimiliki, unaweza kung'olewa kwenye tamthilia ukapigwa redioni au ukawekwa kwenye tangazo la sabuni, na utaratibu wa kuulipia tayari upo duniani.

Maktaba za intaneti ni hoja nzito, na sitaipuuza. Hata hivyo maktaba nyingi kubwa zimesajili vipande vyake katika vyama vya mirabaha vya nchi zao, kwa hiyo kituo kinachotumia muziki huo na kulipa inavyotakiwa kinamlipa mtunzi wa London kile kile anachonyimwa mtunzi wa Tabata. Akili bandia sina jawabu lake leo, isipokuwa kwamba mtayarishaji anayetafuta cha bure kabisa hakuwa mteja wetu tangu awali.

Swali la nani akusanye ndilo gumu kuliko yote. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliifanya COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, kuwa ofisi ya usimamizi, huku kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha ikiachiwa vyombo vya wenye haki wenyewe. Chombo chochote kile, hata kiwe na watu waadilifu namna gani, hakiwezi kugawa bila jedwali la muziki: karatasi inayoonesha jina la kila kipande, mtunzi, sekunde kilizotumika, na kama ni wimbo wa ufunguzi au muziki wa nyuma ya mazungumzo. Bila karatasi hiyo ada ya kituo itagawiwa kwa kubahatisha, na wa kubahatishiwa ni wenye majina.

Ninapendekeza basi kifungu hiki kiingie katika kila mkataba hata kabla ya sheria: "Mtunzi anamruhusu mtayarishaji kutumia muziki huu ndani ya kazi hii bila kikomo cha muda wala nchi, mtunzi anabaki na mgawo wake wote wa mrabaha wa matangazo, ambao hautadaiwa kwa mtayarishaji, na jedwali la muziki litakabidhiwa kituoni pamoja na kila sehemu."

MTAYARISHAJI WA TAMTHILIA, KINONDONI

Kikiandikwa hivyo, kwamba sidaiwi mimi, nitakipeleka kwa mwanasheria wa kituo nione atasema nini, bila kuahidi. Ila jedwali silijazi. Sehemu moja ina vipande hata ishirini, na tunakabidhi usiku wa manane.

MTOA MADA

Lijazwe na mhariri, Dada, na alipwe kwa hilo. Vipande vyote viko kwenye programu yake ya uhariri, kila kimoja na jina lake na muda wake. Mtunzi akivipa majina yanayoeleweka kabla ya kuvituma, badala ya "huzuni mpya ya mwisho 2", mhariri atavinakili tu.