Naomba ushauri: GRUB (programu ya kuchagua mfumo wa kuwasha) imeondoka, Windows nayo haiwaki

Wakuu, habari za jioni kutoka Ujiji, Kigoma. Kompyuta ya steshenari ilikuwa na mifumo miwili, Windows 10 na Ubuntu (Linux), kwenye diski moja ya GB 500. Kijana wa kazini akafuta patisheni (sehemu ya diski) ya Ubuntu, GB 60, akiwa ndani ya Windows, eti apate nafasi. Ilipowashwa tena ikagota kwenye "grub rescue>". Sababu inaeleweka: kipande cha GRUB kilibaki mwanzoni mwa diski, mafaili yake yamekwenda na patisheni.

Amri ya ls ilionyesha (hd0,msdos1) na (hd0,msdos2), kwa hiyo diski imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, si ule mpya wa GPT. Nikawasha kwa flashi ya Windows ya GB 8, nikaandika bootrec /fixmbr, amri ya kurudisha kiwashio cha Windows mwanzoni mwa diski. GRUB ikatoka, ila sasa kompyuta inasema haioni mfumo wowote. Kwenye diskpart (programu ya Windows ya kusimamia patisheni), ile patisheni ndogo ya MB 500 ya kuwashia Windows haina alama ya active, yaani ya kuonyesha kwamba diski iwakie hapo. Nimeishia hapo, na umeme wenyewe mnaujua.

Nikiandika active kwenye hiyo ndogo, data za C zitabaki salama? Na TestDisk (programu ya kurudisha patisheni zilizofutwa) yaweza kurudisha zile GB 60, maana sijaandika kitu juu yake?