Biashara ya kimya ya Wakarthago pwani ya Atlantiki: ilifanyikaje hasa?

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Jambo wote. Natayarisha somo la biashara za kale kwa wanafunzi wa sekondari, na Herodoti, mwanahistoria wa Kigiriki, amenikwamisha. Anaandika, katika karne ya 5 KK, kwamba Wakarthago (watu wa Karthago, mji wa kale karibu na Tunis ya leo) walipita Nguzo za Herkule (Gibraltar ya leo), wakapanga bidhaa ufukweni, wakarudi melini na kuwasha moto wa moshi. Wenyeji wakiona moshi wanakuja, wanaweka dhahabu, wanajitenga. Wakarthago wanashuka kuangalia. Ikitosha wanaibeba na kuondoka. Isipotosha wanapanda tena melini na kungoja, mpaka wenyeji waongeze. Hakuna anayegusa cha mwenzake kabla bei haijatimia.

Watoto wa huku wanaijua biashara ya madini, wataniuliza palepale: nani anapima? nani anazuia wizi? na meli zilirudije? Naomba majibu yenye vitu vya kushikika.

Birere_Kale (Goma)

Mwalimu, usimsome Herodoti peke yake. Upo mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 4 KK, ambao wataalamu huuita wa Pseudo-Skylax. Huo unaeleza kisiwa kimoja kiitwacho Kerne, safari ya siku 12 kutoka Nguzo za Herkule. Wafanyabiashara Wafoinike (watu wa pwani ya Lebanoni ya leo, walioanzisha Karthago) wakifika wanatia nanga meli za mzigo, wanapiga mahema kisiwani, kisha wanavusha bidhaa hadi bara kwa mashua ndogo. Wanauza mafuta ya manukato na vyombo vya udongo vya Athene. Wanapokea ngozi za simba na chui, ngozi za tembo na pembe zake. Mwandishi anajua hata kwamba wenyeji wanakunywea vikombe vya pembe. Habari kama hiyo haipatikani kwa kuangaliana kupitia moshi.

Kwa hiyo mimi naisoma biashara ya kimya kama hatua ya kwanza tu, pale watu wasipojuana bado. Kawaida yao ilikuwa kisiwa. Gadir (Cádiz) ilikuwa kwenye visiwa vidogo mbele ya pwani. Mogador, karibu na Essaouira ya Moroko, ni kisiwa vilevile: huko wachimbaji walikuta tabaka la karne ya 7 na 6 KK, lenye mitungi iliyovunjika na sahani zilizokwaruzwa majina ya Kifoinike. Maji pande zote ni ukuta usiogharimu kitu, na mwenyeji anayetaka kuuza anakuja akionekana toka mbali.

Kuhusu wizi: mwenye meli ameshika njia ya kuondoka, mwenyeji ameshika maji ya kunywa na kuni. Akiiba mmoja, msimu ujao hakuna moshi. Upimaji ulihitaji nchi kavu, kwa sababu mizani midogo haitulii juu ya sitaha inayoyumba. Kwenye makazi ya Wafoinike kusini mwa Hispania vimepatikana vipimo vya risasi vyenye umbo la mchemraba, vya kushikwa kwa vidole viwili.

Fundi_Kamalondo (Lubumbashi)

Dhahabu inapendwa na waandishi, lakini mzigo uliowavuta Atlantiki ya kaskazini ni bati. Hesabu yake ni hii: bronzi nzuri ya kazi ni shaba sehemu 9 na bati sehemu 1. Ukipita asilimia 20 ya bati, kitu kinavunjika kikigongwa. Shaba ipo sehemu nyingi za Mediterania. Bati ni haba sana huko. Lilipatikana Galicia (Hispania), Brittany (Ufaransa) na Cornwall (Uingereza), zote upande wa Atlantiki.

Watu wa Kivu na Manono hawahitaji kuelezwa kasiterite ni nini: ndilo jiwe linalotoa bati. Uzito wake ni karibu mara 7 ya maji, mchanga wa kawaida ni mara 2.65, ndiyo maana mto unaikusanya na beseni linaitenga. Ikiwa safi kabisa ina bati karibu asilimia 79. Hapo ndipo penye siri ya usafirishaji: ukiyeyusha papo hapo, unaacha nyuma zaidi ya kilo 20 katika kila kilo 100, na uchafu wote juu yake. Bati lenyewe linayeyuka kwa digrii 232 tu, lakini kulitoa kwenye mawe kunataka makala (makaa ya kuni) mengi na joto la zaidi ya digrii 1,000. Moto ukizidi na mawe yakiwa na chuma, chuma kinaingia ndani ya bati na linakuwa gumu, la kurudiwa. Moto ukipungua, bati linabaki ndani ya takataka za tanuru.

Diodoro wa Sisili, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 1 KK, anaeleza mauzo yenyewe. Wenyeji wa Belerion (ncha ya Cornwall) walimimina bati katika umbo la kifundo cha mfupa, wakalipeleka kwa magari ya kukokotwa hadi kisiwa cha Iktis wakati maji yamekupwa na njia imekauka. Wanunuzi walilivusha hadi Gaul (Ufaransa ya leo), kisha farasi wakalibeba siku kama 30 hadi mdomo wa mto Rhône. Mwanzoni mwa karne ya 19, bandarini Falmouth, liliopolewa pande la bati lenye umbo la H, kilo 72 hivi. Anayeijua misalaba yetu ya shaba ya Katanga, ile ya umbo la H, ataelewa haraka: kiuno chembamba kinashika kamba, mzigo hauteleziki. Pande hilo moja linatosha bronzi kilo 720.

Malipo? Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, anataja biashara na Visiwa vya Bati: ngozi, bati na risasi upande mmoja, vyungu, chumvi na vyombo vya shaba upande wa pili. Anaongeza kisa cha nahodha Mfoinike aliyefuatwa na meli ya Kirumi. Aliiendesha yake makusudi kwenye kina kifupi ili Mrumi naye azame, akaokoka, na serikali yake ikamlipa mzigo aliopoteza. Kisa kinaweza kuwa kimetiwa chumvi, ila kinaonyesha njia ilivyofichwa.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Asanteni sana, ndugu zangu. Limebaki suala la kurudi. Pia nimesoma kwamba Hanno, nahodha Mkarthago, alisafiri pwani hiyo na merikebu 60 na watu 30,000. Niwape wanafunzi?

Ziwa_na_Tanga (Goma)

Wape kama zoezi la hesabu. Watu 500 kwa merikebu yenye makasia 50! Kila mtu lita 4 za maji kwa siku ni tani 2 kila merikebu kila siku, kabla ya chakula. Haiwezekani.

Sasa kurudi. Kutoka Gibraltar hadi Mogador ni karibu kilomita 700, na kwenda ni rahisi: pepo za kiangazi zinavuma toka kaskazini-mashariki, mkondo nao unasukuma kusini. Kurudi vyote viwili viko usoni. Tanga la mraba la wakati ule haliendi vizuri upepo ukitoka mbele, kwa hiyo yalibaki makasia, upepo mwepesi wa nchi kavu wa usiku na alfajiri, au kungoja pepo zigeuke msimu ukiisha. Ndiyo sababu nyingine ya mahema kisiwani. Mlango wa Gibraltar nao una mkondo wa juu unaoingia Mediterania, hivyo anayetoka husubiri upepo wa mashariki.

Wageni waliumizwa zaidi na kujaa na kupwa. Mediterania, sehemu nyingi, maji hupanda chini ya nusu mita. Cádiz yanafika mita 3, na Brittany zaidi ya hapo. Meli ya tumbo la duara ikiachwa na maji inalala ubavu, mitungi inapasuka. Wenyeji wa Atlantiki walijenga tofauti. Juliasi Kaisari, jemadari Mrumi aliyepigana na Waveneti wa Brittany mwaka 56 KK, anaeleza vyombo vya mwaloni vyenye tumbo bapa, misumari ya chuma minene kama kidole gumba, matanga ya ngozi na nanga za minyororo. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya njia ya kaskazini ilibebwa na watu kama hao. Mfoinike alingoja kusini.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Nimeelewa. Ila Fundi, chumvi? Watu wanaoishi baharini wanunue chumvi?

Fundi_Kamalondo (Lubumbashi)

Lita moja ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi, kwa hiyo kilo moja inataka lita 29 zikauke. Gadir jua linafanya kazi hiyo bure. Cornwall ni mawingu na mvua, lazima uchemshe, na kuni hizohizo ndizo zinazotengeneza makala ya kuyeyushia bati.