Skrubu za brasi zinanikatikia kwenye mbao ya mkongo, naombeni msaada wakuu

Randa_Nkuhungu

Wakuu mbukwa, natumaini wote wazima.

Niko Dodoma, Nkuhungu, useremala huu ni mwaka wa sita sasa, ila kazi zangu nyingi ni vitanda, milango na meza, skrubu natumia zile za kawaida za njano na drili ya chaji, sijawahi pata shida. Sasa kuna mama mmoja kanipa kazi ya kasha la mkongo, anamuozesha binti yake, na kasema wazi hataki bawaba za chuma, anataka brasi tupu na skrubu za brasi kama makasha ya pwani aliyoyaona kwao zamani. Bawaba tatu, kila moja skrubu sita, jumla 18. Skrubu ni namba 8, urefu inchi moja na robo, kichwa cha mkato mmoja, cha bisibisi bapa.

Mpaka leo zimekatika tano. Natoboa kwanza na biti ya milimita 2 halafu nazamisha na drili. Kinachoniuma ni kwamba zinaingia vizuri tu, zinaenda mpaka inabaki kama unene wa sarafu kichwa kikae kwenye bawaba, hapo ndo nasikia mkononi "tak", kitu kidogo tu, kichwa kinabaki kinazunguka bure na shina liko ndani. Palipokatika panang'aa njano kama punje ya mahindi.

Naomba kujua nakosea wapi, na hivyo vipande vitano vilivyobaki ndani navitoaje bila kuchana mbao maana mkongo huu nimeununua bei mbaya. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo na huyu mama ameniamini, sitaki kumuangusha.

Mzee_wa_Patasi

Pole sana mwanangu, na umefanya vizuri kusimama ukauliza kabla ya kuendelea kuzikata.

Kwanza weka drili pembeni. Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki, ni laini sana ukilinganisha na chuma, drili haikupi nafasi ya kusikia inapoanza kulemewa. Brasi inazungushwa kwa mkono.

Pili umeshajijibu mwenyewe pale uliposema inakatika ikibaki unene wa sarafu. Itazame hiyo skrubu vizuri. Meno hayafiki juu, chini ya kichwa kuna sehemu laini isiyo na meno, na hiyo ndo nene kuliko zote, kwa namba 8 ni kama milimita 4.2. Wewe umetoboa milimita 2 juu mpaka chini. Meno yanajikatia njia yao ila ile sehemu laini haina cha kukatia, inajikaba kwenye mbao kama kabari, wewe unazidi kuzungusha, inakatikia pale meno yanapoanzia. Kwenye msonobari mbao inabonyea inakusamehe, mkongo hausamehi.

Kwa hiyo toboa na biti ya milimita 3 urefu wote wa skrubu, weka kijikaratasi cha gundi kwenye biti uone mwisho wako. Halafu ile ya juu tu, kama milimita 7 au 8, ipanue na biti ya milimita 4.5. Usiende zaidi ya hapo, ukizidisha meno yatakosa pa kushika.

Na hili ndo kubwa kuliko yote: tafuta skrubu ya CHUMA ya namba ile ile na urefu ule ule, ipake nta, izungushe mpaka mwisho, itoe. Hiyo ndo inakata njia. Brasi inakuja baadae kukaa kwenye njia iliyokatwa tayari, haifanyi kazi yoyote nzito. Skrubu moja ya chuma inatosha matundu yote 18.

Fundi Kizota

Mimi ningekushauri usijitese, weka zile skrubu za njano za kawaida, rangi inafanana, nani ataangalia? Nimefunga bawaba nyingi hivyo na hakuna mteja amerudi.

Mzee_wa_Patasi

Fundi Kizota hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Zile za njano ni chuma kilichopakwa zinki. Ukizungusha tu rangi inachubuka kichwani, unyevu ukiingia kutu inaanza, na mkongo una tanini, ile kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao, chuma na tanini vikikutana na maji mbao inapiga weusi kama wino kuzunguka kila skrubu. Weusi huo hautoki kwa msasa, unazama. Mama kaomba brasi, apewe brasi.

Dada_Seremala_Ipagala

Naunga mkono Mzee. Na mtoa mada, binti anaolewa wapi? Kama kasha linabaki Dom ni jambo moja, kama linaenda pwani ni jambo lingine kabisa.

Randa_Nkuhungu

Dada linaenda Tanga.

Dada_Seremala_Ipagala

Basi brasi ni lazima, hewa ya chumvi ile inakula chuma haraka sana. Na kuna kitu kingine nakuomba uangalie. Huku kwetu mvua ni Desemba mpaka Aprili, miezi mingine yote ni ukavu na upepo, mbao yako saa hizi imekauka imesinyaa. Ikifika Tanga itakunywa unyevu itavimba kwenye upana. Kama mfuniko umeubana sana sasa hivi kule hautafunguka, acha nafasi kidogo. Mimi nilijifunza kwa meza, droo ilifika pwani ikagoma kufunguka mpaka nikapanda basi kwenda kuipiga randa.

Sasa hivyo vipande vitano. Kama kuna hata milimita 2 imetokeza juu, ishike na plaizi ya kubana uirudishe nyuma taratibu. Ikigoma weka ncha ya moto ya chuma cha kulehemu juu yake kama dakika moja, acha ipoe, jaribu tena, brasi inapitisha joto haraka na mara nyingi inaachia. Usiivute kama msumari.

Kama imekatikia ndani kabisa fanya hivi. Tafuta kibomba chembamba cha chuma ambacho tundu lake linameza skrubu, milimita 5 hivi, mdomoni kichonge meno madogo na tupa. Kifunge kwenye drili, zungusha polepole kuizunguka skrubu, kinakata mbao pembeni bila kugusa brasi. Meno ukiyachonga yakate kinyume na saa mara nyingine skrubu inatoka yenyewe na kibomba. Kikianza kutoa moshi pumzika. Tundu linalobaki lisawazishe na biti ya milimita 8 halafu lizibe na kipande cha mkongo ule ule pamoja na gundi. Hapo kwenye kuziba ndo wengi wanakosea, wanachonga kijiti kwa urefu wa mbao wanagongea, skrubu ikija inaingia kwenye kichwa cha nyuzi na haishiki. Kikate kipande kutoka ubavuni mwa mbao, ukikigongea nyuzi zake zilale upande mmoja na nyuzi za kasha. Kiache siku nzima ndo utoboe upya.

Mjukuu wa Manyoni

Nyongeza kwenye nta. Usitumie sabuni, najua wengi tunaipaka, ila sabuni inavuta unyevu na unyevu ndo adui. Tumia mshumaa au nta ya nyuki, na huku kwetu ukanda wa Singida nta haijawahi kuwa shida, uliza wanaouza asali.

Pia pitisha sumaku kwenye skrubu na bawaba zote kabla ya kufunga. Mimi duka moja mjini liliniuzia bawaba "za brasi", kumbe ni chuma kilichopakwa juu, mwaka haujaisha mlango wa mteja una michirizi ya kutu. Sumaku ikishika, rudisha. Zako zinaonekana ni zenyewe kwa sababu umesema ndani ni njano, ila bawaba je?

Randa_Nkuhungu

Nimepima saa hizi, sumaku haishiki skrubu wala bawaba. Asanteni sana, kesho asubuhi naanza.

Randa_Nkuhungu

Wakuu narudi na majibu.

Vipande viwili vilitoka kwa plaizi, kimoja baada ya kukichoma na chuma cha kulehemu, kilikuwa kinanuka nta na mbao mbichi ila kikaachia. Vitatu ilibidi kibomba, nikaziba kama dada alivyosema, nikiangalia sasa lazima niinamishe kasha kwenye mwanga ndo nivione viraka.

Skrubu ya chuma ilipoingia mara ya kwanza nilielewa kwa nini brasi zilikuwa zinakatika, nilisikia uzito mpaka kwenye kiwiko, na hapo tundu ni milimita 3 na nta ipo. Brasi ilipofuata ilizunguka kwa vidole vitatu mpaka robo ya mwisho. Zote 18 zimekaa, hakuna iliyokatika. Moja tu mkato wake ulichubuka kwa sababu bisibisi yangu ilikuwa nyembamba inachezacheza, nikatafuta pana inayojaa mkato wote, ile iliyochubuka nimeibadilisha.

Mzee_wa_Patasi

Safi sana mwanangu. Sasa geuza mikato yote itazame upande mmoja na bawaba. Usiongeze nguvu kwa ajili ya hilo, ukiona inakaza rudisha nyuma kidogo.

Randa_Nkuhungu

Nimeshafanya mzee wangu. Mfuniko nimeupunguza milimita mbili kwa randa kwa ajili ya Tanga. Leo jioni nimezitoa bawaba zote ili nipake vanishi, skrubu ziko kwenye kopo, zimetoka na kurudi bila hata moja kulalamika.